Bendera ya buluu haisemi "ruka pembeni"

Wengi wanaoshindana mbio za magari mtandaoni kwenye njia za mviringo huamini kwamba wakionyeshwa bendera ya buluu, lazima watoke njiani papo hapo. Sivyo. Kwenye iRacing, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, bendera hiyo ni taarifa tu: kuna gari lenye kasi zaidi nyuma yako. Kazi ya kupita salama ni ya anayepita. Wewe shika mstari wako ule ule, maana mwenzako ameshausoma na kuchagua upande. Ukihama ghafla katikati ya kona ati unampisha, unamgonga ubavuni. Nimeona wema huu ukivunja magari mengi kuliko ubishi. Ukitaka kumsaidia, achia pedali ya mafuta kidogo, mapema, mkiwa kwenye sehemu iliyonyooka.

Mara nyingine chanzo cha ajali ni mipangilio ya gari. Gari linaloteleza mkia hukupa mzunguko mmoja mtamu, lakini tairi la nyuma kulia likishachoka, ukiwa ubavu kwa ubavu na mtu, mkia unachomoka. Kwa mbio ndefu, afadhali gari lililo zito kidogo kugeuka. Litakukera, ila litakaa unapoliweka.