Mlo wa paleo: maswali ya anayeanza

Paleo ni mlo gani?
Ni kula kwa kufuata kinachodhaniwa kuwa chakula cha watu wa kabla ya kilimo, miaka 10,000 iliyopita na zaidi: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi, asali kidogo. Nafaka, jamii ya kunde, maziwa, sukari na vyakula vya viwandani huachwa. Wazo hili lilivuma baada ya 1985, Boyd Eaton na Melvin Konner wa Marekani walipoliandikia makala katika jarida la tiba.

Ina maana ugali basi?
Ugali, wali na chapati vinatoka, ndiyo. Lakini sokoni kuna magimbi, viazi vitamu, viazi vikuu, ndizi za kupika na mihogo (imenywe na iive kabisa, ile michungu ina sumu ya sianidi, haichemshwi tu ikaliwa). Mihogo na viazi vitamu asili yake ni Amerika, kwa hiyo babu zetu wa kale hawakuvijua. Wewe kula tu.

Nianzie wapi?
Kwenye chai ya asubuhi. Ondoa sukari, maandazi na soda kwanza, hata kabla hujagusa ugali. Weka chai ya rangi, gimbi la kuchemsha, yai na kipande cha parachichi. Kwa maoni yangu faida kubwa ya mlo huu iko hapo, na ukiishia hapo hujapoteza kitu.

Maharage yana ubaya gani?
Wafuasi wa paleo hulalamikia lektini, aina ya protini iliyomo kwenye maharage. Ukiyaloweka usiku kucha, ukamwaga maji na kuyachemsha hadi yaive vizuri, sehemu kubwa yake huharibika. Maharage yana protini na nyuzinyuzi kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo, basi mimi siwezi kumshauri mtu mwenye kipato kidogo ayaache. Ukishika sheria zote, hata mchicha wa karanga umekatazwa, kwa kuwa karanga ni jamii ya kunde. Tui la nazi linaruhusiwa.

Nile nyama kila siku?
Hapana. World Cancer Research Fund, shirika la utafiti wa saratani, inashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao wapenzi wa paleo huwataja sana, huwinda kweli, ila hula pia ubuyu, matunda pori, mizizi na asali. Samaki na kuku vijaze nafasi. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao hukupa pia kalsiamu uliyoikosa kwenye maziwa.

Nimepungua kilo mbili wiki ya kwanza. Ni mafuta?
Mengi ni maji. Wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hushika maji, na wanga huo ukipungua, maji hutoka nao.

Nani asianze peke yake?
Wajawazito, wenye ugonjwa wa figo, na hasa mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari): akipunguza wanga ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka hadi akatetemeka, akatokwa jasho na kuzirai. Aende kliniki kwanza na daftari lake la vipimo, dozi ipangwe upya kabla ya sahani kubadilika.