Kitanda kilikuwa cha nani? Jinsi ninavyosoma historia ya hospitali ya jamii

Ninaandika historia za hospitali. Mara nyingi wanaoniita wanajiandaa kuadhimisha miaka 50 au 100, na siku ya kwanza hunitolea boksi la picha: bodi ya kwanza imejipanga mbele ya jengo, mgeni rasmi anakata utepe, wauguzi wamesimama kwa sare zao. Ninashukuru, kisha ninaomba vitabu viwili: daftari la wagonjwa waliolazwa na leja ya mhazini. Kwa kawaida viko stoo, chini ya magodoro mabovu, na mchwa wameshaanza kula pembe. Ninaomba viokolewe kabla ya kitu kingine chochote, maana picha inakuonyesha aliyejenga, lakini daftari ndilo linalokuambia nani alipata kitanda, na kwa ruhusa ya nani. Bila jibu la swali hilo, hatujui neno “jamii” katika jina la hospitali lilikuwa na maana gani.

Madaftari ya Uingereza ya karne ya 18 na 19 yana safu ambayo msomaji wa leo anaweza kuipita bila kuitambua. Baada ya jina, umri na ugonjwa, limeandikwa jina la mtu mwingine kabisa, ambaye si daktari wala ndugu wa mgonjwa. Huyo ni mchangiaji. Hospitali za hiari ziliendeshwa kwa michango ya kila mwaka ya watu wenye uwezo, na aliyechangia alipata haki ya kuandika barua za kuwapendekeza wagonjwa. Mtu maskini alipougua alitafuta kwanza barua, ndipo akatafuta tiba. Alibisha hodi kwa mwajiri, kwa kasisi, kwa mwenye shamba. Na hata akiwa nayo, kanuni nyingi ziliwakatalia wajawazito, watoto wadogo, wenye maradhi ya kuambukiza na waliokuwa karibu kufa. Mwishoni mwa mstari kuna matokeo: amepona, amepata nafuu, haponi, amekufa, au amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Wachangiaji walitaka kuona waliopona ni wengi, na kanuni zile za kukataa ziliisaidia hesabu hiyo. Ndiyo sababu sipendi kuona kiwango cha “waliopona” cha zama zile kikinukuliwa kama ushahidi wa ubora wa tiba.

Majira ya baridi ya mwaka 1827, daktari kijana aitwaye William Marsden alimkuta msichana taabani kwenye ngazi za kanisa la St Andrew, mtaa wa Holborn, London. Hakuweza kumpatia kitanda katika hospitali yoyote kwa kuwa msichana hakuwa na barua, na baadaye akafariki. Mwaka 1828 Marsden alifungua mahali pa kutibia ambapo ugonjwa na umaskini vilitosha kuwa barua. Ndipo palipokuja kuitwa Royal Free Hospital. Neno “free” (bure) katika jina lile lilihusu fedha, lakini mimi huliona zaidi kama jibu kwa safu ile ya daftari.

Upande wa pili wa Atlantiki, njia ilikuwa nyingine kidogo. Mwaka 1751 daktari Thomas Bond alitaka kuanzisha hospitali Philadelphia, katika koloni la Pennsylvania, akamwendea Benjamin Franklin, mchapishaji na mwanasiasa wa mji huo. Baraza la kutunga sheria lilisita: wajumbe wa vijijini waliona itawafaa watu wa mjini tu. Franklin akapendekeza kwamba wananchi wakichanga pauni 2,000, serikali itoe pauni 2,000 nyingine. Waliopinga walikubali kwa kudhani fedha hizo hazitapatikana. Zikapatikana, na zikazidi. Mpaka leo, fedha za umma zinazotolewa kwa sharti kwamba wenyeji nao wachange ni mbinu inayojirudia katika leja za hospitali nyingi.

Hospitali ndogo ya karibu na nyumbani ina mzizi wake pia. Mwaka 1859, huko Cranleigh, kusini mwa Uingereza, daktari Albert Napper aligeuza nyumba ya kawaida ya kijijini kuwa hospitali ya vitanda vichache. Aliona majeruhi wakipakiwa kwenye mikokoteni kwenda hospitali za mbali na kuzidi kuumia njiani. Mgonjwa wa Cranleigh alilipa kiasi kidogo kila wiki, na daktari wa kijiji aliweza kuendelea kumtibu mtu wake. Malipo yale madogo yana uzito. Aliyelipa, hata kama ni senti, hakuwa tena mtu wa kuhurumiwa tu. Alikuwa na sauti.

Mpaka hapo tajiri hakulala hospitalini. Alitibiwa nyumbani, na hata upasuaji alifanyiwa nyumbani. Kilichombadilisha ni mambo matatu: dawa ya usingizi iliyoonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, kinga dhidi ya vijidudu katika upasuaji aliyoieleza Joseph Lister mwaka 1867, na eksirei ya Wilhelm Röntgen ya mwaka 1895. Vyumba vya upasuaji na mashine havikuweza kubebwa hadi chumbani kwa mtu. Hesabu ya Marekani ya mwaka 1873 ilipata hospitali 178. Ile ya 1909 ilipata zaidi ya 4,000. Katika leja za miaka hiyo utaona safu mpya, “wagonjwa wa kulipa”, na taratibu inakuwa safu nene kuliko ile ya michango.

Hapo likazuka tatizo ambalo bado linazitesa hospitali nyingi: mtu wa kipato cha kati, asiye maskini wa kupewa bure wala tajiri wa kulipa taslimu. Mwaka 1929, Justin Ford Kimball, aliyesimamia hospitali ya Baylor mjini Dallas, aliona madeni ya walimu yakilundikana katika vitabu vyake. Akawawekea mpango: kila mwalimu atoe senti 50 kwa mwezi, naye akiugua apate siku 21 za kulazwa. Kutoka hapo ukazaliwa mfumo wa bima ya hospitali wa Marekani uitwao Blue Cross. Lakini inafaa kukumbuka mpango ule uliokoa nini kwanza. Uliokoa hospitali. Mgonjwa alinufaika, ndiyo, ila asiye na ajira alibaki nje, kwa sababu mwajiri sasa alikuwa ameshika nafasi ya yule mwandika barua.

Ninaowaheshimu zaidi katika historia hii ni wakulima wa Saskatchewan, Kanada. Kuanzia mwaka 1916 sheria iliruhusu halmashauri za vijiji na miji midogo kuungana, kujitoza kodi, na kujenga hospitali ya pamoja. Hakuna mji kati yao uliokuwa na watu wa kutosha kujenga peke yake. Januari 1, 1947, serikali ya Tommy Douglas, kiongozi wa jimbo hilo, ilianzisha bima ya kulazwa kwa wakazi wa jimbo zima, kwa mchango wa dola 5 kwa mtu kwa mwaka. Mwaka uliofuata, Julai 5, 1948, Uingereza ilizifanya hospitali zake kuwa mali ya taifa, na leja za michango zikafungwa.

Marekani nayo, Agosti 1946, ilipitisha sheria ya Hill-Burton, iliyotoa fedha za serikali kuu kujenga hospitali, hasa katika miji midogo na vijijini. Majengo mengi yanayoitwa hospitali ya jamii kule yalitokana na sheria hiyo. Lakini ilikuwa na kifungu kilichoruhusu hospitali kuwatenga watu Weusi mradi ziwepo nyingine “sawa” kwa ajili yao. Mjini Greensboro, North Carolina, hospitali ya Moses H. Cone ilipokea fedha hizo na kuwazuia madaktari Weusi kufanya kazi humo. Daktari wa meno George Simkins na wenzake wakaishtaki, na Novemba 1963 mahakama ya rufaa ikawapa haki.

Hukumu hiyo haikuonekana kwenye picha zozote za kukata utepe. Mwaka 2016, taasisi iliyorithi hospitali ile iliomba radhi hadharani. Kati ya walioshtaki, aliyekuwa bado hai kuisikia ni mmoja tu, daktari Alvin Blount, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Alifariki miezi michache baadaye.