Je, wajua kwa nini kimea cha ulezi hulainisha togwa?

Mpishi wa togwa hupika uji mzito wa mahindi, huuacha upoe uwe vuguvugu, ndipo hutia kimea cha ulezi. Baada ya muda mwiko unazunguka bila kukaza, na uji umekuwa mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Kazi hiyo ilianzia ndani ya punje, siku ulezi ulipolowekwa.

Ndani ya punje kuna kiinitete, yaani mche uliolala, na kando yake ghala la wanga lililofunikwa na utando mwembamba uitwao aleuroni. Kiinitete kikishakunywa maji hutoa homoni ya jiberelini, nayo ikifika kwenye aleuroni huiamsha itengeneze amilesi, kimeng'enya kinachokatakata wanga kuwa sukari. Mche hula sukari hiyo mpaka upate majani ya kujilisha.

Mwaka 1960, wanasayansi wawili, Yomo wa Japani na Paleg wa Australia, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha jambo hili kwa shayiri. Punje iliyokatwa kiinitete hailainiki ndani hata ikilowekwa. Ikitiwa jiberelini, wanga wake unayeyuka kama vile kiinitete bado kipo! Kwangu mimi, ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya elimu ya mimea.

Ulezi ukianikwa juani baada ya kuota, chipukizi hukauka lakini amilesi hubaki. Na uji lazima upoe kwanza kwa sababu moto mkali huiharibu.

Sasa, punje changa za mahindi zimejaa maji. Mbona haziotei kwenye gunzi? Huzuiwa na homoni nyingine, asidi ya absisiki, inayopinga kazi ya jiberelini. Yapo mahindi yenye hitilafu ya kurithi ambayo hayawezi kuitengeneza, na punje zake huchipua zikiwa bado shambani, kwenye gunzi lenyewe. Baadhi yake huwa meupe, kwa kuwa mmea huitengeneza asidi hiyo kutokana na karotenoidi, zilezile zinazoyapa mahindi ya njano rangi yake.

Mahindi meupe tunayosaga unga wa ugali hayana tatizo hilo. Yamekosa karotenoidi kwenye ghala la wanga tu. Kiinitete chake bado kinazo.