Abiria wa Lost hawakuwa wafu tangu mwanzo

Hapa Tanga, mazungumzo ya vijana wa Ngamiani kuhusu Lost, tamthilia ya Kimarekani ya abiria wa ndege iliyoanguka kisiwani, iliyorushwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2010, aghalabu huishia kwenye lalamiko moja: kwamba watazamaji walipotezewa muda, kwa kuwa abiria wote walikufa ndege ilipoanguka na kisiwa kilikuwa ahera. Sivyo hata kidogo. Katika sehemu ya mwisho Christian anamweleza mwanawe Jack, mhusika mkuu, ndani ya kanisa, kwamba yote yaliyompata yalitokea kweli, na kwamba kati ya waliokusanyika pale wapo waliokufa kabla yake na wapo waliokufa muda mrefu baada yake. Jack mwenyewe anakata roho kwenye mianzi huku akiiona ndege ya wenzake walionusurika ikipita angani. Aliyekwisha kufa angekufaje tena? Yaliyo baada ya kifo ni yale maisha ya pembeni ya msimu wa 6 tu, yaliyoonyeshwa sambamba na ya kisiwani, ambamo ndege inatua salama Los Angeles na ambamo kanisa lile limo.

Mkanganyiko ulizidishwa na kituo cha televisheni cha ABC kilichoirusha, ambacho kilionyesha mabaki ya ndege ufukweni, pasipo mtu, wakati majina ya wahusika yakipita. Picha hizo hazikuwa sehemu ya kisa. Kuhusu siri za kisiwa zilizoachwa bila majibu, hapo mashabiki wana haki ya kulalamika, nami naungana nao.