Kombora Lililoishiwa Pumzi na Dhana Nyingine za Marubani wa Simuleta

Anayeingia kwenye simuleta ya ndege za kivita, yaani programu ya kompyuta inayoiga urukaji wa ndege halisi, kwa mara ya kwanza haji mikono mitupu. Anakuja na sinema alizotazama, michezo aliyozoea kuicheza kwa kidole gumba, na maneno ya waliomtangulia. Mzigo huo ndio unaomwangusha mara nyingi, hata kabla adui hajaonekana kwenye rada. Programu kama DCS World na Falcon BMS hazijali nia ya mchezaji. Zinapiga hesabu ya hewa, uzito, joto na mafuta, kisha zinakupa jibu lako.

Dhana: Mwenye kasi kubwa ndiye mshindi

Adui yuko nyuma, basi mgeni anasukuma throto, yaani mkono wa kuongeza nguvu ya injini, hadi mwisho na kuvuta joystiki hadi tumboni. Ndege inakata kona pana kama ya lori, na adui aliyepunguza mwendo anaingia ndani ya kona hiyo bila haraka.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kona ya G 6, yaani rubani anahisi uzito wake mara sita, ndege inayokwenda noti 300 (maili za baharini kwa saa) huhitaji nusu kipenyo cha mita 410 hivi. Ipeleke noti 600 kwa G ileile, na nusu kipenyo kinafika mita 1,640. Kasi imekuwa mara mbili, lakini kona imepanuka mara nne. Ndiyo maana kila ndege ina mwendo wake wa kupigania. Chini ya hapo mabawa hayana hewa ya kutosha kuvuta G nyingi, na juu ya hapo unavuta G zote zinazoruhusiwa lakini unachora duara kubwa mno.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba kwenda polepole ndiyo dawa. Kasi na mwinuko ni akiba. Unaweza kubadilisha moja ipate nyingine: unapanda na kupoteza kasi, unashuka na kuirudisha. Ila kila kona kali inakata ada, na ada hiyo hairudishwi. Mambo haya yaliwekwa kwenye milinganyo miaka ya 1960 na John Boyd, rubani wa Jeshi la Anga la Marekani, pamoja na mwanahisabati Thomas Christie. Mpaka leo, ukimtazama mchezaji mzoefu akipigana, utaona anafanya uhasibu zaidi kuliko sarakasi.

Na hiyo throto ya mwisho ina bei nyingine. Afutabana humwaga mafuta moja kwa moja kwenye hewa ya moto inayotoka kwenye injini, ili kuongeza msukumo. Ndege ya kivita ya F/A-18C hubeba kama kilo 4,900 za mafuta ndani ya mwili wake. Iwashe afutabana kikamilifu karibu na ardhi, na matanki hayo yatakauka kwa dakika kumi hivi. Wengi wamerudi kutoka ushindi wao wa kwanza kwa kuteleza hewani kimyakimya, injini zote mbili zimezima.

Dhana: Rada ikishamkamata adui, kombora litamaliza kazi

Hapa ndipo sinema zimeharibu watu zaidi. Kwenye sinema kombora hukimbiza ndege kati ya majengo na milima, likiwaka moto mkiani dakika nzima. Injini ya kombora la hewani kama AIM-120 huwaka kwa sekunde chache tu. Baada ya hapo linateleza kwa mwendo lililojikusanyia, kama mshale uliokwisha kutoka upindeni, na kila linapopinda linapoteza sehemu ya mwendo huo.

Kwa hiyo umbali unaoandikwa kwenye majedwali ni umbali wa hali fulani tu: mpigaji yuko juu, anakwenda kasi, na mlengwa anamjia uso kwa uso. Juu hewa ni nyepesi na kombora linasafiri mbali. Chini hewa ni nzito na inalila. Kombora lilelile, likirushwa karibu na usawa wa bahari kumfuata adui anayekimbia, hufika sehemu ndogo tu ya umbali ule. Alama ya kuruhusu kupiga inapotokea kwenye kioo cha maelezo mbele ya rubani, mara nyingi maana yake ni kwamba kombora litafika iwapo adui ataendelea kuja vilevile kama hana habari. Akigeuza na kukimbia, litaishiwa pumzi njiani.

Adui pia ana namna ya kupotea. Rada ya Dopla hutenganisha ndege na ardhi kwa kuangalia kitu kinasogea kwa kasi gani kuielekea au kuiacha. Akishuka chini yako na kuruka kwa pembe ya digrii 90, hakukaribii wala hakuachi, hivyo rada huweza kumhesabu kama kilima na kumfuta. Mgeni hulalamika kwamba programu ina kasoro.

Dhana: Lazima ukariri kila kitufe, na ununue vifaa vya gharama

Kitabu cha maelekezo cha ndege ya A-10C kwenye DCS World kina kurasa zaidi ya 600, na kweli kinatisha. Lakini hakuna anayekikariri. Mtu hujifunza kuwasha ndege, kupaa, kutua na kutumia silaha moja, basi. Mengine yanakuja yakihitajika. Mimi nilikaa wiki kadhaa na mzinga peke yake, na sijutii. Kuhusu vifaa, joystiki ya kawaida yenye throto inatosha kuanzia. DCS World yenyewe inakuja na ndege mbili za bure: Su-25T ya kushambulia ardhini na TF-51D isiyo na silaha.

Dhana: Ndege za zamani ni rahisi zaidi

Hazina rada wala skrini, kwa hiyo mtu anadhani ni za kujifunzia. Kisha anafungua throto ya Bf 109 au Spitfire, ndege za Vita vya Pili vya Dunia, na kabla hajafika nusu ya njia ya kurukia, ndege imegeukia kushoto, bawa limegusa chini. Propela kubwa inasokota ndege nzima, gurudumu dogo liko mkiani, na magurudumu makuu yamekaribiana. Miguu lazima ifanye kazi kwenye pedali tangu sekunde ya kwanza. P-51D nayo, tanki lake la nyuma ya kiti likijaa, uzito unarudi nyuma na ndege inakuwa na kichwa kigumu kwenye kona.

F-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974, ina kompyuta kati ya mkono wako na mabawa. Mkononi ni tulivu kabisa. Uzito wake uko kwenye akili: rada, redio, vihisi, vyote vinakudai kwa wakati mmoja.

Dhana: Kutua kwenye meli ya kubebea ndege ni kutua kwa kawaida, ila njia ni fupi

Kwenye njia ndefu ya ardhini unainua pua kidogo mwishoni ili magurudumu yaguse kwa upole. Ukifanya hivyo melini, unapita juu ya kamba zote zilizotandazwa sitahani ili kunasa ndoano ya mkia wa ndege na kuisimamisha. F/A-18 inashuka kwa pembe moja bila kubadilika, pembe yake dhidi ya hewa ikiwa digrii 8.1, mpaka inajibwaga sitahani. Na magurudumu yakigusa tu, throto inakwenda mbele yote. Ndoano ikikosa kamba, huo ndio msukumo utakaokurusha tena kabla sitaha haijaisha.

Dhana: Anayeiweza simuleta anaiweza ndege halisi

Taratibu, ndiyo, anaweza kuzijua vizuri. Mwili ni jambo jingine. Kwa G 9, mtu wa kilo 80 anakandamizwa kitini kama mwenye kilo 720, damu inaukimbia ubongo, naye inabidi akaze miguu na tumbo huku akihema kwa vipande ili asizimie. Kwenye simuleta skrini inaingia giza kuanzia pembeni, rubani wa ndani ya kompyuta anapoteza fahamu, na mwenye joystiki anasubiri azinduke, amekunja miguu kitini.