Rabsha ya kilabuni: maana yake na namna inavyochezwa

Rabsha ya kilabuni ni aina ya mchezo wa dadu ambapo kila mchezaji anajifanya mnywaji katika nchi ya kubuni: zimwi, mganga, askari aliyetoroka jeshini, mpiga nyatiti (kinubi cha Wajaluo). Wote wameketi kilabu kimoja, mmoja amemwaga kinywaji cha mwenzake, na sasa viti vinaruka. Dadu ndizo zinazoamua nani kapigwa, nani kakwepa na nani kateleza kwa ulevi wake mwenyewe. Hakuna anayeguswa, hakuna pesa mezani, na mchezo ukiendeshwa vizuri unaisha ndani ya nusu saa.

Neno lenyewe linabeba sheria. Rabsha si vita. Vita vina adui, na anayeshindwa anaondoka uwanjani. Rabsha huzuka kwa jambo dogo, kila mtu anampiga aliye karibu naye, na aliyeanguka sasa hivi utamwona amesimama tena anatafuta kofia yake. Mchezo wowote unaomtoa mtu nje kabisa baada ya dakika tano, akabaki kuwatazama wengine, haustahili jina hili hata kama una dadu na picha za mazimwi.

Kilabu cha pombe kama mahali pa kuanzia visa vya mchezo kilienea kupitia michezo ya uigizaji ya Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mashujaa na wachawi wanaosafiri huku dadu zikiamua mambo yao. Katika michezo ya namna hiyo, safari nyingi huanzia kilabuni, mahali ambapo wageni wasiojuana hukutana. Baadaye wabunifu wengine waliiacha safari na kubaki na ugomvi.

Kwetu Kenya hakuna haja ya kuagiza kilabu cha Ulaya. Anayejua kilabu cha busaa, pombe ya nafaka, au aliyewaona Wateso wa Busia wameuzunguka mtungi mmoja kila mtu na mrija wake mrefu, tayari ameiona ramani ya mchezo: watu wa duara, kila mmoja na jirani wa kulia na jirani wa kushoto. Mazimwi nayo yapo tele. Wajaluo wana apul-apul mlafi, Wabukusu wana linani, Wakalenjin wana chemosit mwenye mguu mmoja. Mtoto wa Kisumu au Nakuru anayecheza kama apul-apul huigiza vizuri zaidi, kwa sababu sauti ya zimwi hilo alishaisikia kwa nyanyake.

Vifaa ni vichache. Dadu 5 za kawaida, zile zinazokuja na ludo. Maharagwe makavu 50 ya kuhesabia uhai, punje chache za mahindi za kuhesabia kinga, na vifuniko 15 vya soda vya kuhesabia sifa. Tandika leso mezani. Dadu ikigonga meza tupu hurukaruka na kuishia chini ya kochi, na kelele yake huamsha mtoto aliyelala. Dadu iliyoanguka chini au iliyoegemea kitu bila kulala vizuri hutupwa tena, hiyo peke yake.

Zikague dadu kabla ya kuanza. Pande mbili zinazotazamana lazima zijumlishe 7: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Za bei rahisi wakati mwingine zimekosewa. Ukishuku kwamba dadu ina upande mzito, koroga chumvi kwenye gilasi ya maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, acha maji yapoe, kisha iweke humo. Ikielea, isukume kwa kidole mara kumi. Kama upande uleule unarudi juu karibu kila mara, itafutie kazi nyingine. Ikizama, jaribio hili halikuambii kitu.

Sasa pande za dadu. Moja ni kibuyu, yaani umekunywa funda jingine, na dadu hiyo inajifunga: huwezi kuitupa tena katika zamu hiyo. Mbili ni benchi. Dadu moja ya benchi haifanyi kitu kwa sababu benchi hainyanyuliwi kwa mkono mmoja, lakini mbili pamoja zinamfikia mtu yeyote mezani na kumpunguzia uhai 2, wala kinga haizuii. Tatu ni sinia: unajikinga nalo, na kila sinia litazuia ngumi moja kabla zamu yako haijarudi. Nne ni ngumi kwa jirani wa kulia, tano ni ngumi kwa jirani wa kushoto, na kila ngumi huondoa uhai 1. Sita ni supu, inarudisha uhai 1 bila kupita kiwango ulichoanza nacho.

Kila mtu anaanza na maharagwe 8. Zamu yako ikifika unatupa dadu zote 5, unaweka kando unazozipenda, na unaweza kuzitupa zilizobaki mara mbili zaidi. Unaruhusiwa kuacha wakati wowote. Ukiacha, dadu zako zinafanya kazi: kwanza supu, kisha sinia, kisha ngumi na benchi. Lakini vibuyu vikifika vitatu, umelewa chakari. Zamu imekwisha hapohapo, dadu zote ulizokuwa umeziweka zinapotea, na unapoteza uhai 1 kwa kuanguka juu ya meza.

Utamu wote umekaa katika kibuyu hicho cha tatu. Mtupo wa kwanza ni salama: uwezekano wa vibuyu vitatu kwa dadu 5 ni karibu 4 kwa 100. Ukiendelea kutupa kila dadu isiyo kibuyu, mpaka mwisho wa mtupo wa pili hatari imefika 17 kwa 100, na mwisho wa mtupo wa tatu ni 35. Yaani anayetupa kila kitu bila kuweka akiba ataanguka zaidi ya mara moja katika kila zamu tatu. Kuweka dadu kando hakukupi ngumi tu, kunakupunguzia pia dadu zinazoweza kugeuka vibuyu.

Tuseme Akinyi ametupa 1, 2, 4, 4, 6, na uhai wake umejaa. Supu haina faida kwake. Anaweka zile 4 mbili, kibuyu kimejifunga, anatupa mbili zilizobaki. Zinakuja 1 na 5. Sasa ana vibuyu viwili, ngumi mbili za kulia na moja ya kushoto, na bado ana mtupo mmoja. Jirani yake wa kulia, Barasa, amebaki na uhai 3 na hana sinia. Akiitupa ile 5 na ikatoka 4, uhai wa Barasa unaisha, anazimia, na Akinyi anapata kifuniko kimoja cha sifa. Ikitoka 1, Akinyi anapoteza kila kitu. Uwezekano wa mambo haya mawili ni sawasawa, 1 kwa 6. Katika raundi za mwanzo ni afadhali aache, kwa sababu ngumi tatu za uhakika zina thamani kubwa na Barasa bado atakuwa pale. Katika raundi ya mwisho, akiwa anahitaji kifuniko kimoja tu, atupe bila kusita.

Kosa la hesabu linalowaponza wengi hapa ni kujumlisha. Mtu mwenye vibuyu viwili na dadu tatu za kutupa hudhani hatari yake ni 3 kwa 6, nusu kwa nusu. Sivyo. Dadu tatu zinaweza kutua kwa njia 216, na katika njia 125 hakuna hata 1 moja, hivyo hatari ni 91 kwa 216, kama 42 kwa 100. Kwa dadu mbili ni 11 kwa 36, karibu 31 kwa 100.

Uhai ukiisha unazimia, na aliyekupiga pigo la mwisho anachukua kifuniko kimoja cha soda. Ukizimia kwa vibuyu vyako mwenyewe, hakuna anayepata kitu. Aliyezimia hatoki mchezoni. Yuko sakafuni, ngumi zinapita juu yake na kumfikia mtu wa pili upande huohuo. Zamu yake ikifika anatupa dadu moja: 5 au 6 anaamka na uhai 3, ikitoka 1, ameota ndoto na kurusha teke, na jirani wa kulia anapoteza uhai 1. Dadu ikimkataa mara mbili, zamu ya tatu anaamka bila kutupa.

Aliyeamka haguswi na mtu mpaka zamu yake inayofuata ianze. Sheria hii ndogo ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ikikosekana mchezo unaharibika vibaya. Mtu mwenye uhai 3 kati ya majirani wawili wenye nguvu anageuka shamba: wanamwangusha, anaamka, wanamwangusha tena, na kila mara wanavuna kifuniko. Mara nyingi anayevunwa hivyo ni mdogo kuliko wote mezani. Baada ya mara ya pili ataondoka kwenda kulala akiwa na uchungu, na kesho hatataka kuziona dadu.

Wa kwanza kufikisha vifuniko 3 ndiye bingwa wa kilabu. Kama hakuna aliyefika, raundi ya 8 ikiisha mwenye kilabu anaingia na rungu, rabsha inakoma, na mwenye vifuniko vingi ameshinda. Wakilingana, tazama maharagwe. Wekeni kokoto moja katikati ya meza kila raundi inapoanza, la sivyo mtabishana kama hii ni ya sita au ya saba. Na kwa kuwa anayeanza ana faida, katika zamu ya kwanza kabisa yeye hutupa mara mbili tu badala ya tatu.

Idadi nzuri ni watu 4 hadi 6. Wakiwa watatu, kila mtu ni jirani wa kila mtu, na benchi inapoteza maana yake ya kufika mbali. Dawa ni benchi iwapige wote wawili, uhai 1 kila mmoja. Wawili wasicheze mchezo huu. Kulia na kushoto ni mtu yuleyule, na kinachobaki ni kupigana tu.

Wahusika waongezwe mchezo wa pili, watu wakishazijua pande za dadu. Zimwi anaanza na uhai 10 lakini hawezi kutumia sinia, mikono yake ni mikubwa mno. Mganga, mara moja kwa mchezo, anageuza kibuyu kimoja kuwa supu, hata kile cha tatu. Mpiga nyatiti, mara moja pia, baada ya zamu yake anapiga wimbo na hakuna anayemgusa mpaka zamu yake irudi. Mpeni sekunde chache aimbe kweli. Wengine wakitaka wahusika zaidi na wabuni, ila kila nguvu iwe ya mara moja au iwe na kasoro yake.

Kuketi kunahitaji busara, hasa nyumba ikiwa na wageni wa rika mbalimbali. Ngumi huenda kulia na kushoto, kwa hiyo anayeketi kando yako ndiye utakayempiga sana. Mkwe na mama mkwe wasiwekwe pamoja. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya heshima yao haichezewi hata kwa dadu, na wakikaa pande mbili zinazotazamana kila mmoja atacheza kwa raha. Mjukuu na nyanya, kinyume chake, wawekwe bega kwa bega. Utani wao umeruhusiwa tangu zamani, na mtoto anayesema, “Dani, pole, ni ngumi mbili,” huku akichukua maharagwe mawili ya bibi yake, anajifunza hesabu ya kutoa bila kuambiwa yuko darasani. Wa miaka saba na kuendelea anaweza kucheza mwenyewe. Mdogo zaidi atupe dadu kwa niaba ya mtu mzima.

Kuna nyumba ambazo dadu zenyewe hazikubaliki, kwa sababu zinahusishwa na kamari. Wasiwasi huo una msingi na usidharauliwe. Kamari ni kuweka kitu cha thamani ili bahati iamue nani akichukue. Hapa hakuna kinachowekwa. Vifuniko vinarudi koponi mchezo ukiisha. Basi msiruhusu hata shilingi kumi ziingie “kunogesha”, kwa sababu zikiingia, mwenye wasiwasi huo atakuwa sahihi. Na vibuyu vibaki vya kubuni: mezani pawe na uji, chai au juisi, hata kwa watu wazima, kwani mlevi wa kweli huhesabu dadu vibaya na hukasirika upesi.

Stima ikipotea katikati, na haya hutokea, msianze kubishana nani angeshinda. Swali la mchezo uliokatizwa ni la zamani. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat, Wafaransa wawili, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawa dau la mchezo ambao haukumalizika, na humo ukawekwa msingi wa hesabu za uwezekano. Nyinyi hamna dau la kugawa. Wekeni tochi ya simu ndani ya kikombe cheupe, ikitazama juu, na mwanga utaenea meza nzima. Dadu za rangi nyeupe zenye nukta nyeusi husomeka vizuri zaidi kuliko zile nyekundu. Kama simu nayo imeisha chaji, hesabuni vifuniko vilivyopo na kila mtu akariri idadi ya maharagwe yake mpaka kesho jioni.