Steringi nzito si tabia ya gari la zamani

Wenye magari ya zamani wana kauli moja wanayonikabidhi pamoja na funguo: steringi ni nzito kwa sababu gari halina pawa steringi, na magari ya enzi zile ndivyo yalivyokuwa. Nimeisikia tena juzi kutoka kwa mtu aliyekwisha kulipia mota ya umeme ya kusaidia steringi, ilhali kingipini za gari lake, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele huzizungukia yanapogeuka, zilikuwa zimekauka kiasi kwamba hata gurudumu likining'inia hewani halikugeuka kwa mkono mmoja. Kauli hiyo inawatia watu gharama zisizo na maana na, lililo baya zaidi, inawafanya waendeshe gari bovu wakidhani kwamba wanavumilia umri wake.

Pawa steringi ilianza kuuzwa kwenye magari madogo ya abiria mwaka 1951, Chrysler ilipoiweka kwenye Imperial, na kwa miaka mingi baada ya hapo magari mengi yaliendelea kutoka kiwandani bila msaada wowote. Yaliendeshwa na watu wa kila umbo, wakiwamo wembamba na wazee, kwa kuwa walioyabuni walilifikiria jambo hilo tangu mwanzo: walichagua usukani mpana, matairi membamba na boksi la steringi (gia iliyo mwishoni mwa nguzo ya usukani) lenye uwiano wa polepole, hata baadhi ya magari makubwa ya Marekani yakahitaji kuzungusha usukani mara tano au zaidi kutoka kona ya mwisho ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Gari la namna hiyo likiwa limesimama kabisa, steringi yake ni nzito kweli, kwa sababu mpira wa tairi unasuguliwa papo hapo kwenye sakafu. Likianza tu kutembea kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, uzito huo unapaswa kushuka sana. Ikiwa kwenye kilomita 30 kwa saa bado unapambana na usukani, au ukimaliza kona inakubidi uurudishe mwenyewe badala ya kujirudi, kuna kitu kinachoshikilia, na kitu hicho kina mahali pake panapoweza kupatikana.

Mambo ya nje nitayapitia haraka. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi na ufuate kipimo cha gari lako, si cha jirani. Volkswagen Beetle, ambayo injini yake iko nyuma, ilipangiwa upepo mdogo sana mbele kuliko nyuma, na anayeijaza mbele sawa na nyuma anaiharibia utulivu barabarani bila kupata faida yoyote ya maana. Angalia upana wa matairi pia, maana gari lililozaliwa na matairi ya upana wa milimita 155 au 165 likivalishwa ya 195 kwenye rimu zilizojitokeza nje, kila tairi hugeuka mbali zaidi na mhimili wake na kuuvuta usukani kwa nguvu ambayo haikuwamo kwenye hesabu za kiwandani. Halafu utazame usukani wenyewe. Aliyeng'oa usukani wa sentimita 43 akafunga wa michezo wa sentimita 35 ameongeza nguvu inayohitajika kwa takriban asilimia 23, hata kama hakugusa kitu kingine chochote.

Baada ya hapo, acha kukisia. Inua mbele ya gari, liketishe kwenye stendi imara, magurudumu yaning'inie, kisha ushike usukani kwa vidole viwili na kuuzungusha taratibu kutoka upande hadi upande. Katika hali hiyo hakuna tairi linalosuguana na ardhi, kwa hiyo ukakamavu wowote unaousikia ni wa vyuma, na hakuna tena nafasi ya kuulaumu ukosefu wa pawa steringi. Fungua kiungo kinachounganisha mkono wa boksi na fito za steringi, yaani vyuma virefu vinavyopeleka msukumo magurudumuni, ili pande mbili ziachane. Shika gurudumu uligeuze kwa mkono: linapaswa kuyumba laini, bila kukwama na bila kulia. Kisha urudi kwenye usukani uuzungushe peke yake, polepole, bila kuubamiza mwisho wa mzunguko, kwa sababu katika boksi la gololi, lile lenye tufe ndogo za chuma zinazozunguka ndani yake, kugonga mwisho namna hiyo huharibu mifereji inayorudisha gololi. Dakika chache za kazi hii hukwambia kama ugonjwa uko chini, magurudumuni na kwenye fito, au juu katika boksi na nguzo ya usukani. Inanisikitisha kwamba watu hununua vifaa vya bei kubwa kabla ya kuifanya.

Mara nyingi jibu huwa chini, kwenye kingipini au boljointi, yaani kiungo cha tufe kinachofanya kazi hiyo hiyo. Mwenye gari huniambia kwamba alikwisha kupaka grisi, na kwa kweli alipaka, lakini gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Uzito wa gari huibana kingipini upande mmoja wa bushi, nayo grisi, kama kitu kingine chochote kinachosukumwa, hupita upande ulio wazi na kutoka, huku upande unaobeba mzigo ukibaki mkavu. Inua gari, uzito uondoke, kisha upige grisi huku mtu akigeuza gurudumu kulia na kushoto. Tazama kinachotoka: kwanza hutoka uji mzito wa rangi ya kutu, halafu grisi nyeusi, mwisho grisi safi, na ni lazima uione safi juu na chini kabla ya kuacha. Ikitoka pembeni mwa nipeli tu, hujapaka kitu; nipeli imeziba, ibadilishe. Tena usome kitabu cha gari lako, kwa sababu Triumph Herald, kwa mfano, ilipangiwa oili ya gia kwenye viungo vyake vya chini, na anayevijaza grisi anaviua kwa nia njema.

Kwenye Land Rover za Series kuna kifaa kingine ambacho wengi hawajui hata kama kipo: rilei ya steringi, iliyojificha ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, inayopokea msukumo kutoka kwenye boksi na kuupeleka magurudumuni. Ikikauka oili, inashika, na steringi inakuwa nzito pande zote bila kelele yoyote. Iongeze oili. Lakini usiifungue bila maandalizi, kwa sababu ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu inayoweza kumjeruhi mtu vibaya ikifyatuka.

Sasa nifike kwenye skrubu, jambo linaloniudhi kuliko yote. Juu ya maboksi mengi ya steringi kuna skrubu ya kurekebisha, yenye nati ya kuifungia. Iko wazi, inafikika kwa bisibisi na spana moja, na kila fundi anayeambiwa kwamba steringi inacheza, yaani usukani unazunguka kidogo kabla magurudumu hayajaitika, huikimbilia na kuikaza. Mchezo unapungua, mwenye gari anashukuru, na baada ya siku chache anaanza kulalamika kwamba steringi ni nzito na gari linatangatanga barabarani. Linatangatanga kwa sababu boksi lililobanwa haliruhusu magurudumu kujirudi yenyewe, kwa hiyo dereva analisahihisha kila mara, anapitiliza, kisha anasahihisha tena upande wa pili.

Skrubu hiyo haikuwekwa ili kuondoa kila mchezo wa steringi. Boksi zima limetengenezwa likiwa limekaza kidogo katikati, pale magurudumu yanapotazama mbele, na kulegea kidogo kadiri usukani unavyokwenda pembeni. Mchezo unaousikia magurudumu yakiwa yamekunjwa ni wa kawaida na haupaswi kuguswa. Anayerekebisha skrubu magurudumu yakiwa yamekunjwa, mpaka mchezo uishe hapo, atalibana boksi vibaya mno likirudi katikati. Kwa hiyo marekebisho hufanywa katikati tu, fito zikiwa zimefunguliwa, kwa robo mzunguko au chini yake kila mara, na baada ya kila robo unazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho ili kuhakikisha kwamba hakuna mahali pa kukwama.

Vitabu huishia hapo, kana kwamba kila boksi bado ni jipya. Boksi lililotembea miongo kadhaa limelika katikati zaidi kuliko pembeni, kwa kuwa maisha yake mengi limeyapitisha barabara ikiwa imenyooka. Ukikaza mpaka katikati kutulie, pembeni kunakwama. Ukilegeza mpaka pembeni kuwe huru, katikati kunacheza. Hapo hakuna namba ya kitabu itakayokusaidia. Mimi huacha mchezo mdogo katikati kuliko kulibana boksi, kwa sababu steringi inayocheza kidogo humpa dereva taarifa, na ile iliyobanwa humnyima. Lakini nakiri kwamba mpaka kati ya mchezo wa kuvumilika na ule wa kulitupa boksi naupima kwa mkono, na fundi mwingine mwenye uzoefu anaweza kuuweka mahali tofauti. Nisichokubali ni kulaumu boksi kabla ya kukagua boljointi na bushi, ambazo mara nyingi ndizo zinazocheza kweli.

Kabla ya kuacha boksi, legeza kamba ya chuma inayoishika nguzo ya usukani chini ya dashibodi. Nguzo ikirukia upande mara tu inapoachiwa, ilikuwa imepindishwa kwa nguvu wakati wa kufungwa, nayo ndiyo iliyokuwa ikikusugulia steringi miaka yote hiyo. Legeza pia boliti zinazolishika boksi, acha vyote viwili vijipange vyenyewe, kisha ukaze upya.

Imebaki kasta, yaani ule mlalo wa kingipini kuelekea nyuma, ambao hulifanya gurudumu lijirudi na gari lishike mstari. Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalibuniwa kwa matairi ya krosiplai, ambayo nyuzi zake hupishana kimshazari na ambayo yenyewe hujirudi kwa udhaifu, kwa hiyo baadhi yake yalipewa kasta kubwa. MGB, kwa mfano, ilipewa digrii 7. Matairi ya radiali, ambayo nyuzi zake hukatiza tairi moja kwa moja, ambayo Michelin iliyaingiza sokoni mwaka 1949 na ambayo leo karibu kila mtu huyavaa, hujirudi kwa nguvu zaidi, na nguvu hizo mbili zikijumlishwa steringi inakuwa nzito kwenye kona. Kuipunguza kasta kwa digrii moja au mbili husaidia, ila unapoipunguza unauza utulivu wa mwendo kasi ili ununue wepesi. Kipimo cha kitabu kilitolewa kwa ajili ya matairi ambayo gari halivai tena, na kwa hiyo sikichukulii kuwa amri. Nakitumia kama mwanzo, kisha naamua barabarani. Kabla hujagusa lolote, tazama springi za nyuma. Zikilegea na nyuma ya gari ikashuka, pua huinuka, kingipini hulala zaidi, na kasta huongezeka bila mtu yeyote kushika spana.

Ukimaliza haya yote na steringi ikawa nyepesi kwenye mwendo lakini bado nzito wakati wa kuegesha, huo ndio uzito halali wa gari lako. Jizoeze kuligeuza likiwa linatambaa. Mwenye bega bovu, au aliyezeeka pamoja na gari lake, ana haki ya kufunga mota ya umeme kwenye nguzo ya usukani, nami humfungia bila kumbishia. Shaka yangu ni moja: mota hiyo huendelea kusukuma kingipini ikiwa nzima au ikiwa inakauka, na mikono ya dereva, ambayo zamani ingemwambia mapema kwamba kuna kitu kinakwama, haitasikia chochote. Kwa sababu hiyo gari lenye mota halitoki kwangu bila makubaliano kwamba kila linapoletwa kubadilishiwa oili, litainuliwa, mota itazimwa, na steringi itazungushwa kwa vidole viwili.